Nimeonana na mwanangu baada ya miaka mingi, haniiti kwa jina lolote. Nianzie wapi?

Mama Mzaa aliandika:

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu hapa bila kuchangia, leo naomba mnisaidie mawazo.

Niliachana na baba wa mwanangu mtoto akiwa na miaka 6, akabaki kwa baba yake. Mwanzoni nilikuwa nampata kwenye simu. Baadaye namba ikabadilishwa, wakahama, na kila niliyemuuliza upande ule alinijibu kwamba mtoto ametulia, nisimvuruge. Sasa ana miaka 15. Juzijuzi baba yake amenipigia mwenyewe, akasema kijana ameanza kuuliza habari zangu na kama nataka nije nimwone. Nilikwenda.

Amenipita urefu. Alinisalimia kwa adabu kabisa, adabu ambayo mtu humpa mgeni wa baba yake. Tulikaa sebuleni, kila nilichouliza akanijibu: shule nzuri, afya nzuri, marafiki wapo. Lakini hakuniita mama, wala hakunitaja kwa jina langu. Akitaka kuniambia kitu anasubiri mpaka nimtazame, ndipo aanze. Mama yake wa kambo alipopita na kumuuliza jambo, akamwitikia "ndiyo mama" bila kufikiri, halafu akainamia simu yake. Alijua kwamba nimesikia.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote. Nina bahasha imejaa barua nilizomwandikia, zikarudishwa. Nilitaka ajue sikumtupa. Nilipomgusia baba yake, akaniomba ningoje kwanza. Tangu siku ile namtumia kijana ujumbe, ananijibu "sawa" au "poa", mara nyingine kimya.

Naombeni mnisaidie: nimweleze ukweli sasa au ningoje? Barua nimwonyeshe? Na hili la kutoniita mama, nilizungumze naye au nilinyamazie? Habari za kumlaumu baba yake tuziache, hayo kwangu yamekwisha. Ninayemtaka ni mwanangu.

---

Kijiwe Cha Jioni alijibu:

Pole sana dada. Ushauri wangu mwache. Damu nzito kuliko maji, akishakuwa mtu mzima na akili zake atakutafuta mwenyewe. Ukimfuatafuata sasa atakuona msumbufu. Wewe omba uzima tu.

---

Mtoto wa Katikati alijibu:

Kaka hapo juu, najua nia yako ni njema, ila kwa hili sikubaliani na wewe hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa huyo kijana. Wazazi wangu waliachana nikiwa mdogo, nikakulia kwa baba, mama akarudi maishani mwangu nina miaka 13. Mtoto akiona mzazi amekuja mara moja kisha kimya, hawezi kufikiri "ananisubiri nikue". Anachojua ni kwamba ameondoka tena, na safari hii amenikagua kwanza ndiyo akaondoka. Dada, usinyamaze.

Sasa nikujibu wewe Mama Mzaa, na nitakuwa mrefu kidogo, uniwie radhi.

Siku ya kwanza tulipoonana, mama yangu alilia sana, akanishika mikono, akaniuliza, "Umenisamehe?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mtu mzima analia mbele yako, wewe una miaka 13, unataka tu anyamaze. Tatizo lilikuja baadaye. Hasira zangu zote zilikuwa bado zimo, na sikuwa na ruhusa ya kuzitoa tena kwa sababu nilishasema nimesamehe. Nikawa nazitolea kwa baba, kwa walimu, kwa mdogo wangu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako: mwambie kijana pole kwa miaka aliyokukosa, iseme mara moja kwa maneno machache, na usimwombe chochote baada ya hapo. Usimwulize kama amekusamehe, usimwulize kama bado anakupenda. Maswali hayo yanampa mtoto kazi ya kumtuliza mzazi, na yeye mwenyewe bado hajatulizwa na mtu.

Kilichonirudisha kwa mama yangu ni simu ya Jumapili. Alikuwa anapiga jioni, wakati uleule, bila kukosa. Mimi nilikuwa naiweka simu mezani, naweka sauti ya nje, naendelea na kazi za shule. Yeye anaongea. Alikuwa fundi cherehani, basi ananieleza nguo ya mteja fulani ilivyomshinda kwapani, alivyoifumua, alivyoirudia. Haniulizi maswali ya mitihani. Nikiguna anaridhika, tunaagana. Nilijifanya sisikilizi, ila mpaka leo naweza kukueleza jinsi ya kuingiza mkono wa koti.

Kisha nikaanza kumjaribu. Sikupanga, ndivyo ilivyokuja tu. Jumapili nikawa sipokei. Nilikuwa naiangalia simu ikiita mpaka ikate. Baada ya hapo unaingia ujumbe: "Nilipiga. Nitapiga Jumapili." Hakuna "mbona hupokei", hakuna "unaniumiza". Niliendelea hivyo kwa wiki kadhaa, nikisubiri achoke au anikaripie. Nilipokuja kupokea, akaanza kunisimulia habari ya zipu, kama vile tumeachana jana. Hakuuliza nilikuwa wapi.

Lakini unajua siku hasa niliyoanza kumwamini? Siku aliyoniambia, "Jumapili ijayo sitaweza kupiga, nina safari. Nitakupigia Jumamosi." Na Jumamosi akapiga. Kwenu hiyo ni ratiba tu. Kwangu mimi, mtu kuniaga kabla ya kukosekana lilikuwa jambo ambalo sijawahi kufanyiwa. Alipoondoka nilipokuwa mdogo hakuna aliyeniambia kitu, niliamka tu nikakuta hayupo. Kwa hiyo ukiona kuna wiki hutaweza, mwambie mapema, mpe siku nyingine, na siku hiyo uitimize hata kama unaumwa. Ni afadhali umwahidi kidogo kisichoyumba kuliko mengi ya kubahatisha.

Barua. Naelewa kabisa kwa nini unataka azione, ni haki yako kulia nazo. Ila fikiria zilivyo kwa upande wake: barua zilizorudishwa zinauliza nani alizirudisha, na jibu lake yuko chumba cha pili, ndiye anayemlisha na kumsomesha. Utakuwa umemlazimisha achague kabla hajakujua. Mimi ningefanya hivi: mwambie, "Niliwahi kukuandikia. Barua ninazo. Siku ukitaka kuzisoma niambie." Basi. Atakaa nalo hilo. Huenda akaziomba baada ya mwezi, huenda akishaoa. Akiziomba, mpe zote, na usikae pembeni kumwangalia akisoma.

Kuhusu jina, linyamazie, tafadhali. Hizo mbinu anazokufanyia nazijua zote: kukohoa kidogo, kuanza na "eti", kusubiri utazame. Sikuwa namdharau mama yangu. Kulikuwa na mama mwingine nyumbani, aliyekesha na mimi nikiwa na homa, na kila nikitaka kumwita huyu aliyerudi "mama" nilihisi namwibia yule. Ukilizungumza utamfanya ajione ana deni. Mimi sikuwahi kulipatia suluhisho. Nilipopata watoto wangu nikaanza kumwita "bibi", kama wanavyomwita wao, na ndivyo namwita hadi leo. Anaitika vizuri tu.

Jambo la mwisho. Usimtafute yule mtoto wa miaka 6. Mama yangu alikuwa akiniuliza, "Bado unapenda kuchora magari?" na mimi nachukia, kwa sababu kila swali la namna hiyo linanionyesha ni nani hasa aliyemkumbuka. Mwache akueleze yeye ni nani sasa. Lakini zile kumbukumbu usizitupe, ziweke, maana itafika siku atazihitaji na hakuna mwingine anazo. Mimi nina kovu chini ya kidevu. Kwetu hakuna aliyejua limetoka wapi, baba alikuwa kazini siku hiyo. Jioni moja nikamuuliza mama kwenye simu. Akaniambia nilipanda kigoda nikitaka kuwasha taa, nikaangukia ukingo wa meza, na kwamba wakati wa kushonwa nilikataa kulia mpaka tulipotoka nje. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake, na tuliongea mpaka chaji ikaisha.

---

Mlezi alijibu:

Nimesoma nikiwa na donge kooni, kwa sababu mimi ndiye yule wa upande wa pili. Mimi ndiye mama wa kambo. Ninamlea binti ambaye mama yake mzazi alirejea miaka michache iliyopita.

Dada Mama Mzaa, naomba nikuambie jambo ambalo wengi hawalioni. Mama yake binti yangu alipokuja mara ya pili, tulikuwa wote watatu sebuleni, akanigeukia akasema, "Dada, asante kwa kumlea." Alisema mbele ya mtoto, kwa sauti ya kawaida. Nilimwona mtoto anashusha mabega. Kumbe muda wote alikuwa amejikaza akisubiri tugombane. Tangu siku hiyo alianza kusema habari za mama yake mbele yangu bila kunichunguza usoni. Kama unaweza kulisema hilo kwa moyo mweupe, liseme. Kama bado huwezi, subiri, kwa sababu watoto wanaujua unafiki.

La pili: msiwe na siri. Usimpe simu ya pembeni, usimwambie "hili usimwambie baba yako", usimtume aulize matumizi wala kupeleka maneno. Mambo ya ratiba ongea na baba yake moja kwa moja, kwa ujumbe mfupi unaomhusu mtoto peke yake.

La tatu, ukisikia kwamba akitoka kuonana na wewe anakuwa mkali au anajifungia chumbani, usikate tamaa, na wala wao nyumbani wasikimbilie kusema umemharibu. Wangu alikuwa hivyo. Alikuwa anahitaji jioni nzima ya kutoka nyumba moja kichwani mwake kuingia nyingine. Tukajifunza kumwacha, tusimhoji "mlifanya nini, alisema nini". Akishatulia anakuja mwenyewe jikoni.

---

Mnasihi alijibu:

Ninafanya kazi ya unasihi wa familia, niongeze machache tu juu ya haya mazuri yaliyosemwa.

Ubaridi wa mtoto baada ya utengano mrefu umechunguzwa kwa muda mrefu. Miaka ya 1950 kule London, James Robertson na daktari John Bowlby waliwafuatilia watoto wadogo waliolazwa hospitali au kuwekwa kwenye malezi mengine mbali na mama zao. Waliona mtoto anapita hatua: kwanza analia na kumdai mama, kisha anazama katika huzuni, kisha anajitenga, anakuwa mtulivu na hata mchangamfu kwa watu wengine. Wahudumu walikuwa wakidhani amezoea. Mama akirudi, mtoto wa hatua hiyo ya tatu anamwangalia kama hamjui. Na mara nyingi, baada ya siku za ubaridi, hufuata kung'ang'ania na hasira kwa pamoja. Wale walikuwa wadogo kuliko kijana wako na utengano wao ulikuwa mfupi, kwa hiyo msilinganishe kila kitu. Ila jambo moja linahusu hapa: utulivu ule wa adabu unaouona unaweza kuwa ukuta aliojijengea ili asiumie, na hasira ikija baadaye inaweza kuwa dalili kwamba ukuta umepata mlango. Siku akikufokea, usiondoke.

Jiandae pia kwa swali la "kwa nini uliondoka?" Mtoto wa miaka 6 huona mambo makubwa ya nyumbani kana kwamba yeye ndiye chanzo, na wengi hukua na wazo hilo bila kulitamka. Jibu liwe fupi, la kweli, lisilo na mshtakiwa: "Mimi na baba yako tulishindwa kuishi pamoja. Wewe hukufanya kosa lolote. Nilikutafuta, na nimefurahi nimekupata." Kisha nyamaza. Akitaka zaidi atauliza, na kila akiuliza mjibu kiasi cha swali lake. Usimwage kisa chote siku moja.

Kwa miaka 15, mkutane mkifanya jambo. Kijana akikaa uso kwa uso na mtu mzima sebuleni anajiona yuko kwenye usaili. Mkitembea, mkitengeneza kitu, au mkiwa ndani ya gari wote mnatazama mbele, maneno hutoka kwa urahisi. Muda uwe mfupi, na mwachane kabla hajachoka.

Kisheria, kwa faida ya wengine watakaosoma: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuwasiliana na kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa kama hilo ni kinyume cha maslahi yake. Mwenye haki hiyo ni mtoto. Na kifungu cha 12 kinataka maoni yake yasikilizwe na kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kijana wa miaka 15 ana sauti kubwa hapo. Kuna pia watoto wanaokataa kuonana na mzazi kwa sababu nzito, kama vipigo au hofu ya kweli. Kwa hao, hatua ya kwanza ni mtaalamu na usalama wa mtoto, ratiba itafuata baadaye. Kwa maelezo yako sioni hilo hapa, maana aliyeanza kuuliza habari zako ni yeye.

---

Mama Mzaa aliandika:

Nimesoma yote zaidi ya mara moja. Mtoto wa Katikati, Mungu akubariki wewe na huyo bibi wa watoto wako. Ile habari ya "umenisamehe" imenifikia, nilikuwa nimeiandika kabisa kwenye karatasi niende nayo. Bahasha nimeirudisha kabatini.

Jana nilimwandikia hivi: "Nitakuwa nakutumia ujumbe kila Jumatano jioni. Si lazima ujibu." Akajibu "sawa". Baada ya muda kidogo akaongeza: "wewe unafanya kazi gani?"

Nimemjibu kwa kifupi, sikumrundikia maneno. Sasa kuna jingine. Baba yake anasema Jumamosi kijana ana mechi ya shule na naweza kwenda kuangalia. Niende? Nikienda nikae na wao au nikae mbali?

---

Mlezi alijibu:

Kabla ya kwenda muulize yeye kijana. Ruhusa ya baba yake haitoshi. Mwandikie, "Nimesikia una mechi Jumamosi. Ningependa kuja kuangalia. Ukiona bado, niambie tu, nitakuja nyingine." Umpe nafasi ya kweli ya kukataa. Wangu aliwahi kukataa mechi mbili za netiboli, ya tatu akamwita mwenyewe.

Kuhusu kukaa, kama mama mlezi atakukaribisha, kaa nao. Mtoto akiwa uwanjani akitupa jicho na kuwaona watu wake wako upande mmoja, anacheza mpira wake. Mkikaa pande mbili atakuwa anahesabu amemtazama nani mara ngapi.

---

Mama Mzaa aliandika:

Nimemuuliza. Amesema "njoo, ni saa kumi". Mama yake mlezi naye amenitumia ujumbe, ananiwekea nafasi. Nikifika nifanye nini hasa? Naogopa nitalia.

---

Mtoto wa Katikati alijibu:

Fika kabla mechi haijaanza ili akuone ukiwa umeshakaa. Usimwite kwa sauti, wenzake watamuuliza wewe ni nani, na hilo jibu bado hajalitengeneza. Akikutambulisha kwa wenzake kwa njia yoyote ile, hata akisema "huyu ni ndugu yangu", itikia. Mechi ikiisha usimkumbatie mbele ya timu. Mpe mkono, umwambie jambo moja uliloliona yeye akilifanya uwanjani, kwa hiyo tazama mpira kwelikweli. Machozi yakija geukia pembeni, yatakauka. Na kabla hujaondoka mwambie Jumatano utamwandikia, hata kama ameshaanza kukimbilia kwa wenzake.